Mada Huchaguliwa na Mfuko

Ukitaka kujua nani ana hela kwenye darasa la mwaka wa mwisho, usiangalie simu zao. Soma vichwa vya miradi yao ya utafiti.

Anayetaka kupima madini ya risasi kwenye mchicha unaolimwa bonde la Msimbazi anahitaji nauli za kwenda kuchukua sampuli, vitendanishi, na zamu ya kutumia mashine maabara. Anayeuliza "mtazamo wa wanafunzi kuhusu mboga za Msimbazi" anahitaji rimu moja ya karatasi na marafiki hamsini wasiochoka kujaza dodoso. Swali la kwanza linaweza kumsaidia mama anayenunua mchicha sokoni Ilala. La pili linaweza kuwa utafiti mzuri pia, mtu akilitaka kweli. Shida ni kwamba wengi hawalitaki, wanaangukia hapo tu kwa sababu ndilo wanaloweza kulilipia.

Hili ndilo jambo tunalolikwepa tunapozungumzia "ukosefu wa utamaduni wa utafiti" kwa vijana wa shahada ya kwanza. Vijana wana maswali. Mada ndiyo huchaguliwa na mfuko. Na njia tatu tulizonazo za kuweka hela kwenye mfuko huo, yaani mkopo, tuzo na zile "fursa" za nje, zote zina kasoro ileile: hazimpi mwanafunzi hela kidogo, mapema, kwa swali ambalo jibu lake bado halijulikani.

Tuanze na mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ina kipengele cha gharama za utafiti kando ya ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Ni jambo jema kwamba kipengele hicho kipo. Kuna nchi ambako hata hilo halijafikiriwa. Lakini tulitazame kwa jicho kavu. Kwanza, ni deni. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi amalize. Kwa hiyo kijana anayepima maji ya kisima cha kijiji anagharamia mwenyewe, kwa mshahara wa kesho, kazi ambayo faida yake ni ya kijiji kizima. Pili, hela hiyo huingia kwenye akaunti ileile ya bumu, na bumu jamani tunalijua. Likiingia, linakuta kodi ya chumba, deni la mama ntilie na mdogo mtu nyumbani anayesubiri sare ya shule. Mwambie mwenye njaa anunue asidi ya naitriki! Kuziweka hela za utafiti na hela za ugali kwenye chungu kimoja ni kumtega mwanafunzi, halafu kumlaumu akinasa.

Njia ya pili ni tuzo, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wadau. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, yalianza mwaka 2019, na yana kundi la vyuo vikuu pamoja na makundi ya shule, vyuo vya ufundi na wabunifu wa mtaani. Yamewatoa watu gizani. Fundi ambaye hakuna ofisi ingemsikiliza amesimama mbele ya waziri na kifaa chake mkononi, na baadhi ya washindi wameshikwa mkono na Tume ya Sayansi na Teknolojia ili kazi zao ziendelezwe. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni pale tuzo inapofanywa kuwa jibu la swali la ufadhili. Tuzo hulipa kazi iliyokwisha. Ili ushinde lazima uwe umeshanunua vifaa, umeshaharibu vya kwanza, umeshanunua vingine, na umepata nauli ya kufika ukumbini. Anayefika huko ni yule ambaye mtu fulani, mjomba au mwajiri au mfadhili, alishamlipia sehemu ngumu zaidi. Tena shindano linapenda kitu kinachoonekana, kinachowaka taa au kuzungusha feni mezani. Utafiti mwingi wa kweli hauna cha kuweka mezani. Ukichunguza kama dawa fulani ya mitishamba inaua bakteria ukakuta haiui, umegundua jambo la maana sana kwa mgonjwa. Lakini utaweka nini kwenye banda? Sahani ya bakteria wenye afya njema?

Upande wa sanaa hadithi ni hiyohiyo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyowapata washindi wake wa kwanza mwaka 2023, ni habari njema kwa fasihi yetu. Hata hivyo hupokea mswada uliokamilika. Mwanafunzi anayetaka miezi mitatu ya kukaa na wavuvi wa Mafia akusanye nyimbo zao, au kurekodi filamu fupi ya dakika kumi, hana pa kubisha hodi kabla kazi haijawa kazi.

Njia ya tatu ni zile linki zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Imegharamiwa kila kitu! Shea na mwenzako!" Hebu tuwe wakweli na wenzetu. Programu kubwa ya utafiti wa shahada ya kwanza huko Marekani, REU, inayofadhiliwa na National Science Foundation, inamlipa mwanafunzi posho kwa wiki kama kumi za kiangazi akifanya utafiti kwenye maabara ya chuo kingine. Ni mfano mzuri mno. Ila nafasi hizo ni za raia wa Marekani na wakazi wake wa kudumu. Ufadhili wa Watson, ulioanza mwaka 1968, humpa mhitimu mwaka mzima wa kuzunguka nje ya Marekani akifuata swali lake mwenyewe, na wala haumdai kitabu wala kifaa mwishoni. Huo nao ni kwa wahitimu wa vyuo vichache vilivyoteuliwa humohumo Marekani. Anayezisambaza bila kusoma masharti anawauzia wenzake mbuzi kwenye gunia.

Zipo zilizo wazi kweli. OIST ya Okinawa, Japani, hupokea wanafunzi wa nchi yoyote kwa mafunzo ya utafiti na hugharamia tiketi, malazi na posho. CERN ina programu ya kiangazi inayochukua pia wanafunzi kutoka nchi zisizo wanachama. Shirika la IDEA WILD hutoa vifaa vya fildi, kamera na darubini na vinginevyo, kwa miradi ya uhifadhi. Omba, usiogope. Lakini hata ukipata, mbili za kwanza zitakupeleka kwenye maswali ya maabara za watu. Mchicha wa Msimbazi utabaki palepale.

Sasa, je, inawezekana vingine? Tuutazame mwaka 1969, maana mwaka huo yalitokea mambo mawili ambayo hatujazoea kuyaweka pamoja.

La kwanza lilitokea Massachusetts, chuo cha MIT. Margaret MacVicar, mwanafizikia kijana aliyekuwa amesoma hapohapo, alianzisha programu iitwayo UROP. Wazo lake lilikuwa jepesi: mwanafunzi, hata wa mwaka wa kwanza, aingie kwenye utafiti halisi wa mwalimu, na kazi yake ihesabiwe, ama kwa malipo ama kwa alama za masomo. Nyuma yake alikuwepo Edwin Land, mvumbuzi wa kamera ya Polaroid, ambaye tangu mwaka 1957 alikuwa akisema hadharani kwamba kijana asisubirishwe miaka minne ndipo aruhusiwe kuuliza swali lake. Leo wengi mno wa wanaohitimu MIT wamepitia UROP angalau mara moja.

La pili ni la kwetu. Mwaka huohuo jarida la Physics Education lilichapisha makala ya Erasto Mpemba na Denis Osborne. Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingia frijini ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutembelea shule. Wenzake walicheka. Osborne alirudi maabara akaagiza jambo lijaribiwe. Wanafizikia bado wanabishana hadi leo kama tukio hilo lipo kweli, na mwaka 2016 lilitoka jaribio lililodai halipo. Hiyo ndiyo sayansi.

Tunaipenda sana hadithi ya Mpemba, tunaisimulia kama ya kipaji. Isome tena kama ya ufadhili. Kulikuwa na friji, maziwa na sukari. Kulikuwa na mtu mzima mwenye maabara aliyekubali kutumia muda na vifaa kwa swali lililochekesha darasa zima. Hakukuwa na fomu ya kurasa kumi na mbili inayouliza "matokeo tarajiwa na mchango wake kwa uchumi wa viwanda". Kama ingekuwepo, Mpemba angeandika nini?

Kwa hiyo ruzuku ninayoitetea ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tuseme laki tatu hadi tano kwa mradi, itolewe na idara au kitivo. Fomu iwe ya kurasa mbili: swali, namna ya kulijibu, bajeti. Hela itoke mwanzoni mwa muhula, maana mwanafunzi ana mihula miwili tu, na fedha inayofika baada ya mahafali ni rambirambi. Isiwe ya "nunua kwanza ulete risiti", kwa sababu asiye na cha kununulia ndiye tuliyemkusudia, na bodaboda aliyempeleka kisimani hana mashine ya EFD. Vifaa vinunuliwe na idara, nauli ilipwe kwa kusaini. Na ripoti ya "sikupata nilichotarajia, na hii ndiyo sababu" ipokewe kwa heshima ileile.

Watasema hela hakuna. Lakini ukumbi wa hafla hukodishwa, mabango na fulana huchapishwa, na mfano wa hundi wenye upana wa mlango hushikwa na watu watatu wakipigwa picha. Hela ipo, ila inapenda kamera. Watasema vijana watazila. Wachache watazila, ndiyo, na idara itajifunza kuwabana. Ila hakuna mkulima aliyeacha kupanda kwa sababu panya wapo.

Kama wewe ni msimamizi wa mradi, jaribu kitu kimoja muhula huu. Kabla mwanafunzi hajakuletea mada, muulize angechunguza nini kama hela isingekuwa tatizo. Andika jibu pembeni, na gharama yake. Ukimaliza darasa zima utakuwa na orodha ya maswali ambayo nchi hii ilikuwa nayo na ikayaacha, na jumla ya hela iliyotushinda. Peleka orodha hiyo kwenye kikao cha idara.