Kitabu Kimoja kwa Darasa Zima

Hivi karibuni tulihudhuria, kwa njia ya mtandao, mkutano uliojadili vitabu vya vijana na ufundishaji wake. Tulikuwa Nachingwea, watu watano tumeikabili kompyuta moja ya ofisi, na wasemaji wengi walikuwa nchi za mbali. Sauti zilikatika mara kwa mara, lakini hoja moja ilitufikia nzima: kijana apewe vitabu vingi, ajichagulie mwenyewe akipendacho. Hatuibezi hoja hiyo. Ila ilitukumbusha darasa moja la Kidato cha Nne tulilolitembelea wilayani Ruangwa, ambako nakala ya Takadini ilikuwa moja tu, nayo ni ya mwalimu. Tulitaka kulisema hilo mkutanoni. Zamu yetu ilipofika, mtandao ulikuwa umekatika. Basi na tuliseme hapa.

Riwaya hiyo ya Ben Hanson ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1997, na tafsiri yake ya Kiswahili imesomwa katika shule zetu kwa miaka mingi. Sekai, mke aliyengoja uzazi muda mrefu, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila yadai mtoto auawe. Mama anakimbia naye. Katika nchi iliyoshuhudia watu wenye ualbino wakiwindwa na kuuawa, hasa tangu miaka ya 2000, hii si hekaya ya ugenini.

Kijana mmoja wa darasa lile alitutajia dhamira sita za kitabu bila kukwama. Tukamwuliza: mzee Chivero alimfundisha Takadini kupiga ala gani? Akapekua daftari lake, kisha akajibu kwa adabu, "Hilo halimo kwenye notsi, mzee."

Jibu hilo limetukaa moyoni, maana kwa maoni yetu mbira ndiyo roho ya kitabu. Kwingineko mwandishi huwahi mno kutuambia la kuwaza. Hapa anaviachia vidole vya mtoto vijitetee vyenyewe. Mwenye kusoma notsi hupata neno "ukombozi", lakini mbira haisikii.

Mwalimu hatumtwiki lawama. Mtihani unataka hoja, na vijitabu vya uhakiki huziuza zikiwa zimekwisha kupikwa. Hata hivyo nakala moja si haba. Bibi zetu wa Kimwera hawakuwa hata na hiyo moja, na hadithi zao tunazo mpaka leo, kwa kuwa zilisemwa kwa sauti, na msikilizaji alidaiwa kuitikia.

Tulikiomba kile kitabu, tukawasomea kurasa za mbira. Wawili watatu walisinzia, kwani ilikuwa saa nane na jua la Ruangwa halina simile. Waliosalia walitaka tuendelee. Yule wa dhamira sita akauliza kama angeweza kukaa nacho hadi Jumatatu. Mwalimu alisita kidogo, akakitazama kitabu chake, halafu akampa.