Uzima na Uchovu: Lugha ya Mafundisho ya Jamaa katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Utangulizi

Wilaya ya Mutshatsha, katika jimbo la Lualaba, inapakana na mji wa Kolwezi, na reli itokayo kwenye machimbo ya shaba huipitia kuelekea Dilolo na hatimaye bandari ya Lobito nchini Angola. Watu wa ukanda huu wameujua uchovu wa namna nyingi. Upo uchovu wa zamu za mgodini. Upo uchovu wa vita: Machi 1977 Mutshatsha ilitekwa na wapiganaji wa FLNC waliotokea Angola, ikakombolewa Aprili na majeshi ya Zaire na Morocco, na Mei 1978 vita vikazuka tena, safari hii Kolwezi kwenyewe. Upo pia uchovu wa kungoja, kwani shirika la Gécamines lilipodidimia baada ya sehemu ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, wafanyakazi wengi walikaa miezi mingi bila mshahara.

Makala haya yanahakiki utanzu mmoja wa fasihi simulizi uliotokana na maisha hayo, yaani mafundisho ya Jamaa. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya mafundisho hayo haitokani na faraja yanayoitoa. Inatokana na jinsi yalivyoyachukua maneno yaliyogusa maslahi ya mwajiri na kuyarudisha kwa mchimbaji na mkewe yakiwa na maana nyingine.

Chimbuko

Placide Tempels, padri Mfransiska kutoka Ubelgiji, aliwasili Kongo mwaka 1933. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotoka mwaka 1945, kimejadiliwa na kupingwa sana, hasa na Paulin Hountondji. Kazi aliyoifanya Kolwezi kuanzia mwaka 1953, miongoni mwa wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, haijapewa uzito kama huo. Hapo ndipo Jamaa ilipozaliwa. Mume na mke waliingia pamoja, wakafundishwa na mume na mke waliowatangulia, nao wakawaita hao baba na mama.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Johannes Fabian alipofanya utafiti wake huko mwaka 1966 na 1967, walimu aliowarekodi walikuwa wafanyakazi wenyewe. Kwa hiyo mafundisho hayo hayana budi kusomwa kama kazi ya wachimba shaba, ingawa mbegu yake ilipandwa na padri. Huenda wahakiki wameyaacha kando kwa sababu Kiswahili chake ni cha Katanga, ambacho hakifuati upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili sanifu. Sababu hiyo haitoshi. Lugha iliyobeba fikra nzito kiasi hicho haiwezi kupimwa kwa viambishi vyake tu.

Maneno matatu

Mafundisho ya Jamaa yamejengwa juu ya mawazo makuu matatu: uzima, uzazi na mapendo. Tulianze neno la kwanza. Katika Kiswahili, mzima ni aliye hai. Ni asiye mgonjwa. Ni asiyepungukiwa na kiungo. Na mtu mzima ni yule aliyetoka utotoni. Kampuni ilijali maana ya pili tu, kwani mfanyakazi mzima ni yule awezaye kuingia zamu. Ukoloni, kwa upande wake, ulimnyima maana ya nne kwa kumwita mtu mwenye watoto "boi". Jamaa ilizikusanya maana zote nne na kuziweka mbele za Mungu. Aliyechoka si chombo kilichochakaa. Ni mtu ambaye uzima wake umepungua, na kupungua huko kunamhusu Muumba wake na wenzake.

Neno la pili lina historia kali zaidi. Tangu miaka ya mwisho ya 1920, Union Minière iliwahimiza wafanyakazi kuishi kambini pamoja na familia zao. Ilitoa nyumba, posho, zahanati na shule, na watoto walitazamwa kama wafanyakazi wa kesho. Uzazi ukawa jambo la manufaa kwa kampuni. Katika Jamaa, kinyume chake, kuzaa ni kumfikisha mtu mwingine kwenye imani na utu wake. Hata mke na mume wasiojaliwa mtoto wangeweza kuwa wazazi. Ni dhahiri kwamba uzazi wa namna hiyo hauingii katika daftari la kambi.

Mapendo, neno la tatu, liko katika umbo la wingi. Sarufi hapa inaisaidia imani: jambo hilo halitendwi na mtu mmoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakimkejeli asiyejua uzito wa shida ya mwingine. Mafundisho ya Jamaa yanatoka kwenye ukweli huohuo, lakini yanadai kwamba mzigo wa mwenzio unaweza kujulikana, mradi watu wawili wafunguliane mioyo.

Fani

Fani ya mafundisho inalingana na dai hilo. Mwalimu huuliza na wasikilizaji hujibu. Wazo hurudiwa na kuzungushwa mpaka limiliki kikao. Takriri hii humchosha msomaji wa maandishi, lakini haikutungwa kwa ajili ya msomaji. Hata usingizi una nafasi yake: ndoto husimuliwa kwa wazazi wa kiroho na kufasiriwa, hivi kwamba mapumziko ya mchovu nayo yanakuwa mahali pa kukutana.

Tofauti na riwaya ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaonekana wazi. Katika Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, Kazimoto, kijana msomi, anaubeba uchovu wa roho kwa fikra zake mwenyewe, na mwisho wake ni kujiua. Riwaya inauliza kama maisha yana maana. Mafundisho yanauliza nani atakaa nawe wakati unaitafuta. Swali la pili halina kina kidogo kuliko la kwanza.

Kimya cha mafundisho

Hata hivyo, mafundisho haya yana upungufu unaopaswa kutajwa. Yanazungumza kirefu juu ya Adamu na Hawa, juu ya Maria na Mwanawe, lakini ni machache yanayosemwa humo kuhusu mshahara, urefu wa zamu au vumbi la machimbo. Mtetezi atasema kwamba kimya hicho ni hekima, kwa kuwa kilimpa mchimbaji mahali ambapo kampuni haikuwa na neno. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi jambo. Uzima unaofundishwa jioni huliwa na kazi asubuhi, na imani isiyoitaja kazi hiyo inaweza kumfanya mtu avumilie asichopaswa kuvumilia.

Swali hili halijapitwa na wakati. Leo maelfu ya wachimbaji wa mikono wanatafuta kobalti kandokando ya Kolwezi, na Juni 2019 zaidi ya 30 kati yao walifukiwa na ardhi katika eneo la machimbo ya kampuni. Ibada za mkesha zinazoahidi ukombozi wa haraka zina wafuasi wengi.

Hitimisho

Mafundisho ya Jamaa hayakuondoa uchovu wa ukanda wa shaba, wala hayakuwa na uwezo huo. Yaliukataa usiwe tafsiri ya mwisho ya mtu. Thamani yake kifasihi imo katika kazi hiyo ya maneno, na udhaifu wake umo katika yale ambayo hayakuthubutu kuyataja. Mhakiki wa Kiswahili atakayeyapokea mafundisho hayo kwa lugha yake ya Katanga atakuta humo nadharia kamili ya utu, iliyotungwa na watu waliotoka zamu.