La Méthode Williams: filme muzuri, lakini mbegu ngapi hazikuota?

Wandugu, juma iliyopita niliangalia tena ile filme ya baba wa Venus na Serena. Kwa Kiingereza inaitwa King Richard, lakini hapa kwetu wengi tuliipata kwa Kifaransa: La Méthode Williams. Ilitoka mwaka 2021, iliongozwa na Reinaldo Marcus Green, na Will Smith alipata Oscar kwa ajili yake mwaka 2022. (Najua, wengi munakumbuka tu lile kofi la ile siku. Tuache.) Sikuiangalia kwa kujifurahisha. Niliiangalia juu mudogo yangu, mwenye miaka 17, alikuwa amesema ataacha masomo.

Toka miaka 11 anaokotaga mipira kwenye uwanja mumoja wa tenisi hapa Bukavu. Anacheza muzuri, siongope. Kocha wake alimwambia mama, mbele yangu, kama huyu mutoto atafika Roland-Garros, inabakia tu familia ijitoe kidogo. Kujitoa maana yake makuta ya kila mwezi, yenye mama anatosha kwenye unga anauzisha Kadutu. Na mudogo alikuwa anatembea na ile filme ndani ya telefone sawa vile mutu anatembea na Biblia.

Basi tuiongelee.

Kwanza niseme chenye kiko muzuri. Filme inaonyesha kazi. Richard ni mulinzi wa usiku, bibi yake Oracene anatumika hospitalini, wanaishi Compton, California, na wabinti watano ndani ya nyumba ndogo. Uwanja umechakaa, mipira imezeeka, mvua inanyesha na wanaendelea. Na kuna Oracene. Wakati kocha Paul Cohen anakubali kufundisha Venus peke yake bila malipo, mama anachukua Serena na kumufundisha kwa kufuata masomo ya Venus yenye walirekodi kwa video. Hapana hotuba, hapana muziki mukubwa. Kwangu mimi, ile kipande njo filme yenyewe.

Kitu kingine: Richard anajua kungoja. Anatosha wabinti wake kwenye mashindano ya vijana wakati kila mutu anamuona kichaa. Filme inatukumbusha pia Jennifer Capriati, mwenye alianza kucheza kama profesionali mwaka 1990 na miaka 13, na mwaka 1994 picha zake za kukamatwa na polisi zikazunguka dunia. Kwa hiyo filme inajua kama mutoto anaweza kuvunjika.

Sasa shida. Richard anatuambia aliandika mupango wa kurasa 78 mbele hata wabinti hawajazaliwa, na filme inafanya kila kitu ili tuamini kama ule mupango njo ulileta ushindi. Sisi wa agronomia tulifundishwa kuogopa hesabu ya namna hiyo. Ukipanda mbegu 100 na moja inaota, huwezi kupiga picha ya ule mumea mumoja na kuambia mukulima kama mbegu ni ya muzuri. Unahesabu zote, na zile zilioza pia.

Kwa tenisi hesabu iko. Shirikisho la kimataifa, ITF, lilishasema kama wachezaji zaidi ya 14,000 wanacheza mashindano ya kiprofesionali kila mwaka, na karibu nusu yao hawapate hata dola moja ya zawadi. Roland-Garros, kwenye tablo kubwa, inapokea wanaume 128 na wanawake 128. Ni wangapi kati ya wale wengine walikuwa na baba mwenye mupango? Wengi, naamini. Lakini nani atatengeneza filme juu ya baba mwenye kurasa 78 na mutoto mwenye alipoteza kila mara kwenye raundi ya kwanza? Hii ilitengenezwa wakati tulishajua mwisho: Serena mataji 23 ya Grand Slam peke yake, Venus 7. Na wao wenyewe wako kati ya waproduiseri. Siwalaumu, ni baba yao. Lakini mutazamaji ajue nani anashika kamera.

Kuna fasi moja filme inataka kusema ukweli: ile ugomvi wa jikoni. Oracene anamukumbusha Richard biashara zake zenye zilianguka na watoto wengine wenye aliacha. Zile njo mbegu hazikuota. Dakika chache, kisha tunarudi kwenye uwanja. Ningetaka tubakie pale.

Kisha kuangalia, nilienda kwa kocha wa mudogo na maswali. Alishacheza na nani wa nje ya muji wetu? Karibu yetu kuko Kigali, kwenye toka 2024 wanacheza Challenger: mudogo anaweza kushinda hata mutu mumoja kule? Pasiporti, safari, raketi, ni dola ngapi kwa mwaka? Kocha alinijibu: «Muko munavunja mutoto moyo.»

Lile jibu nililisikia tayari, fasi ingine. Mwaka wetu wa kwanza walituambia kila agronome atapata kazi kwenye mradi. Hakuna mwenye alituonyesha hesabu ya waliomaliza mbele yetu. Leo tuko na lisansi, na wamoja kati yetu wanauzisha megabaiti kando ya barabara. Kazi ile si haya. Chenye kinaniuma ni miaka yenye tungejitayarisha kama mutu angetuambia.

Nilionyesha mudogo zile namba. Siku mbili hakuniongelesha. Siku ya tatu akasema: «Yaya, lakini umeona mwisho? Venus anapoteza.»

Ni kweli, nilikuwa nimesahau. Filme inaishia Oakland, 1994. Venus, miaka 14, anaongoza 6-2, 3-1 mbele ya Arantxa Sánchez Vicario, kisha anapoteza michezo 11 mufululizo. Na mbele ya kumupeleka pale, baba mwenye mupango wa kurasa 78 alikuwa amemuachia yeye mwenyewe achague.

Basi na sisi tulimuachia mudogo achague, lakini na namba mbele yake. Alichagua Egzetat kwanza. Anacheza jioni, anafundisha watoto wadogo siku ya posho, na mama halipi tena. Mwaka ujao tutajaribu kumupeleka Kigali acheze na vijana wa kule, ajue iko fasi gani.

Muangalie ile filme na wadogo zenu. Kisha mukae nao, muhesabu pamoja.