Boti Isiyo na Upondo

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kurasa 4 za Kiingereza kuzileta katika Kiswahili, malipo siku ya kukabidhi. Mwenye boti, mtu wa Dar es Salaam ambaye sitamtaja, alikuwa amempata nahodha mpya, mzaliwa wa delta ya Rufiji. Kabla ya kumpa funguo alitaka nahodha asaini orodha ya vifaa vyote vilivyomo ndani, ili siku kitu kikipotea ijulikane nani wa kuulizwa. Nahodha hasomi Kiingereza. Ndipo nikaitwa mimi.

Nimehakiki riwaya, nimehakiki diwani za mashairi, na siku moja ya njaa nilihakiki hata kalenda ya benki. Orodha ya vifaa vya boti sikuwahi. Lakini ukikaa na andiko siku 2, ukigeuza kila neno lake, unaanza kumwona mwandishi. Unamwona pia msomaji aliyekuwa akilini mwake, na yule ambaye hakumfikiria kabisa.

Tazama mpangilio. Ukurasa wa kwanza ni injini: 2, za dizeli, zimekaa ndani ya boti, na mapangaboi yake yamefungwa chini ya tumbo. Urefu wa boti ni mita 11. Kisha mwandishi anapumua na kuingia anakokupenda: sebule yenye viti vya ngozi, vyumba 2 vya kulala, choo, jiko la gesi, kiyoyozi, friji 2 (moja ya vinywaji tu), spika za muziki hadi nje sitahani, mbao za mtiki chini ya miguu, ngazi ya kushukia majini kwa wanaotaka kuogelea na papa potwe kule Kilindoni. Hapa sentensi zinarefuka. Kila kitu kina kivumishi chake. Glasi za mvinyo zimehesabiwa: 12. Ukurasa wa 4, chini ya taulo za kuogea, ndipo unapokutana na mitungi ya kuzimia moto, fataki za kuombea msaada, na maboya ya kuvaa: 8.

Sisemi vifaa vile ni vya kipuuzi. Kuna redio ya mawasiliano, kuna GPS, kuna pampu inayojiwasha yenyewe maji yakijaa ngamani. Nimevuka na boti za faiba ambazo pampu yake ni dumu la lita 5 lililokatwa mdomo na kijana anayechota, na redio yake ni simu ya nahodha kama ina chaji. Anayeziimba boti hizo kama mashairi ya maisha halisi hajakaa juu ya gunia la mchele katikati ya mlango wa bahari, upepo wa kusi umeshika, maboya yakiwa yamefungwa kamba chini ya mizigo. Umaskini si mtindo wa kuandika.

Kutafsiri kwenyewe kulikuwa raha kuliko nilivyotarajia. Tulioambiwa shuleni kwamba Kiswahili hakina msamiati wa vyombo tulidanganywa na watu wa nchi kavu. Gubeti, shetri, mkuku, ngama, vyote vipo. A. H. J. Prins alipochapisha kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965, alijaza kurasa kwa majina ya sehemu za chombo, na pembeni yake akaeleza watu wanaozishika na kazi wanayozifanyia. Hata kile chombo cha umeme kinachopima kina cha maji nilikipatia jina bila jasho: bildi. Babu zetu walikuwa na bildi ya risasi na kamba, hii ina kioo. Kilichonishinda ni friji ya vinywaji. Niliandika "friji ndogo" nikaenda kulala.

Siku ya kukabidhi nilipanda basi hadi Bungu, nikachepuka na barabara ya Nyamisati. Nahodha alikuwa gatini, kivulini, na baharia wake kijana.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo karatasi? Haya, nisomee."

Nikasoma. Alisikiliza kama watu wazima wanavyosikiliza khutba, macho kwenye maji. Viti vya ngozi vilipita. Spika zilipita. Nilipofika mahali boti inapozama majini kiasi gani, mita 1 na robo, akanyanyua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Basi kuna mito miwili nimeshaipoteza," akamwambia baharia. Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wa kazi.

Ilibidi nielezwe. Boti ya faiba yenye Yamaha nyuma, ukiona maji yanapungua unainua injini, pangaboi linatoka nje, unashika upondo na kuisukuma hadi penye kina. Boti hii haina cha kuinua. Pangaboi lake liko chini siku zote, na tope la delta likiingia kwenye chujio la maji ya kupoozea, injini inachemka wakati wageni bado wanapiga picha za viboko. Bamvua na maji mafu hapa ni mambo mawili mbalimbali. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mto uliopita asubuhi, alasiri ni uwanja wa kaa. Ramani iliyomo kwenye GPS, alisema, ni ya zamani, na baada ya mafuriko ya Aprili 2024 hata yeye alianza kuijifunza upya baadhi ya mito aliyokulia.

"Upondo umeandikwa?"

Nilipekua kurasa zote 4, ingawa jibu nilikuwa nalo. "Haupo."

Hapo ndipo uhakiki wangu wote wa siku 2 ulipopitwa na swali la maneno mawili. Mimi nilikuwa nahangaika na vivumishi. Yeye aliuliza kilichokosekana.

Delta hii imeshaandikwa kwa namna hiyo kabla. Ukitafuta Rufiji katika vitabu vya Kizungu, kitakachokujia kwanza ni meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaja kujificha kwenye mikoko hii hadi ilipomalizwa tarehe 11 Julai 1915, karibu na Salale. Waandishi wa habari zake huanza na orodha: mizinga 10 ya sentimita 10.5, mabomba 3 ya moshi, urefu wa mita 115. Watakutajia na mizinga ilikoishia, kwamba mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Wilbur Smith aliigeuza kuwa riwaya mwaka 1968, akaipa meli jina jingine. Filamu yake ya 1976, akiwamo Lee Marvin na Roger Moore, ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Delta humo ni jani la kujifichia. Haina mwenyewe.

Ilhali kisa chenyewe ni cha kina cha maji tangu mwanzo hadi mwisho. Wajerumani waliweza kuingia kwa sababu walikuwa wameipima mito, na Waingereza hawakuwa na ramani hiyo. Waingereza walimtuma mwindaji wa Afrika Kusini, Pretorius, apeleleze na kupima mikondo, naye alipita humo kwa mtumbwi pamoja na wenyeji. Na meli zilizoimaliza Königsberg, Severn na Mersey, zilijengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, na tumbo lake lilizama chini ya mita 2. Boila za Königsberg zilipoharibika ziliburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, zikarudishwa vilevile, kwa migongo ya maelfu ya Waafrika. Mizinga tunaijua kwa kipenyo. Waliovuta boila, na waliopiga kafi mtumbwini, simulizi zinazopendwa haziwatajii majina.

Kwa hiyo sikushangaa tulipofika ukurasa wa 4.

"Maboya mangapi?"

"8."

"Na wageni?"

"Boti inabeba wageni 8."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, si kwa sababu hajui hesabu. Alipomaliza wageni akajigusa kifua, kisha akamgusa baharia begani. Vidole 10. Hakusema kitu. Baharia akatazama pembeni.

Hili ndilo kosa la andiko lile, nami nililipita mara 3 nikitafsiri bila kuliona. Orodha inahesabu glasi 12 kwa watu 8, maana glasi huvunjika. Maboya ni 8, kamili, ya wanaolipa. Anayetakiwa kusaini kwamba vyote vipo hakuwamo katika hesabu ya wanaoweza kuzama. Nchi hii inajua hesabu za vyomboni zinavyoua. MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Pale watu walipakiwa kupita hesabu. Hapa, kwenye karatasi safi yenye picha za rangi, hesabu imewaacha nje watu wawili kabla chombo hakijang'oa nanga.

Nilimpigia mwenye boti palepale. Aliongea kwa upole, na nadhani kwa ukweli wake. Alisema wale ni watu wa bahari, wanaogelea tangu utotoni, wasiwasi wangu wa nini. Kisha akaniuliza kama tafsiri imekamilika. Nikamwambia imekamilika. Nilipokata simu nilijiona mwoga, na bado najiona hivyo kiasi.

Nikamweleza nahodha alichosema. Akatikisa kichwa. "Kuogelea nako," akasema, "mkondo wa maji kupwa hapa mlangoni haukuulizi umezaliwa wapi." Kisha akaomba kalamu.

Mimi nilifikiri anataka kusaini. Aliiweka karatasi gotini, akaandika chini ya taulo na maboya, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma hadi darasa la saba na hakusahau: *Upondo 1, wa mkandaa, wa nahodha mwenyewe. Maboya 2 hayapo.* Akampa baharia aangalie kama ameandika sawa. Kijana akasema sawa.

Ndipo akasaini, chini ya mistari hiyo miwili.