Chema Chajiuza? Riwaya Zinazochapishwa na Waandishi Wenyewe

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutajwa mara nyingi mwandishi wa riwaya anapoonekana akipita ofisi hadi ofisi na mfuko wa vitabu vyake begani. Husemwa kwamba kitabu hicho kingekuwa kizuri, kampuni ya uchapishaji ingekichukua. Katika makala haya tunaipinga hukumu hiyo. Kwa mtazamo wetu, mwandishi kujichapishia riwaya na kuitembeza mwenyewe si dalili ya ubovu wa kazi. Kinachomdhoofisha zaidi ni kukosa mhariri kabla ya kuchapa na kukosa mhakiki baada ya kuchapa.

Tuanze na historia. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hatimaye Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki. Leo ni vigumu kusomesha historia ya riwaya ya Kiswahili bila kuitaja kazi hiyo, lakini ilingoja miaka 35. Chema hicho hakikujiuza.

Ben Mtobwa alifuata njia nyingine. Alianzisha Heko Publishers jijini Dar es Salaam na kutoa humo riwaya zake, zikiwamo Tutarudi na Roho Zetu? (1987) na Dar es Salaam Usiku (1990). Baadaye East African Educational Publishers ya Nairobi iliitoa upya Dar es Salaam Usiku. Hapa wasomaji ndio waliotangulia, kampuni kubwa ikafuata.

Uhakiki wa vyuoni uliziweka kazi za Mtobwa katika kapu la riwaya pendwa. Istilahi hiyo ina manufaa yake, kwa kuwa inatusaidia kueleza taharuki, upelelezi na mapenzi kama mbinu za kumshika msomaji. Hata hivyo, ikigeuka kuwa uzio, hutuzuia kuona yaliyomo. Tutarudi na Roho Zetu? ilitoka wakati utawala wa Makaburu ungali umesimama Afrika Kusini, nayo inampeleka mpelelezi Joram Kiango kupambana nao. Dar es Salaam Usiku inaukutanisha utajiri na ufukara katika jiji moja. Ukombozi wa bara na pengo la kitabaka ndizo dhamira tunazozisifu tunapozikuta katika riwaya tunazoziita dhati. Nembo ya kampuni iliyo kwenye jalada haipaswi kubadili kipimo.

Tukija kwenye hali ya leo, mwandishi asiye na kampuni ana nyenzo ambazo Mtobwa hakuwa nazo alipoanza. Hapa Kampala wachapaji wa Nasser Road hupokea hata kazi ya nakala chache. Msomaji wa Mbarara au Gulu anaweza kulipa kwa simu, kitabu kikapakiwa kwenye basi na kumfikia. Wengine huuza riwaya sura kwa sura kupitia simu, kisha hukusanya sura hizo na kuzichapa kitabu.

Namna hiyo ya kuuza ina athari katika fani, na hapa ndipo uhakiki unapohitajika. Anayeuza sura moja moja hulazimika kuifunga kila sura kwa taharuki, ili msomaji anunue inayofuata. Simuni mbinu hiyo hufaa sana. Lakini sura 30 zikifungwa pamoja katika jalada moja bila kupangwa upya, msomaji hukutana na vilele 30 bila bonde la kupumzikia. Mhusika anayevamiwa kila baada ya kurasa sita hapati nafasi ya kufikiri, na asipofikiri hakui. Aidha, mambo ambayo msomaji wa simu alikumbushwa kila wiki hurudiwa kitabuni hadi yanachosha. Kasoro hizi hazitokani na uhaba wa kipaji. Ni kazi ya mhariri ambayo haikufanywa.

Kasoro nyingine iko kwenye matangazo. Majalada mengi huita riwaya "bora kuliko zote", na sifa zilizo nyuma ya kitabu huandikwa na marafiki. Mwandishi halaumiwi kwa kujitangaza, kwani asipojitangaza hakuna wa kumtangazia. Lakini pasipokuwa na uhakiki huru, sifa za jalada ndizo pekee zinazosikika, na msomaji akidanganywa mara mbili hanunui tena kitabu cha tatu, hata kama hicho ndicho chema. Kwa hiyo mhakiki anayenyamaza humdhuru zaidi mwandishi mzuri kuliko mbaya.

Kwa Uganda jambo hili ni la haraka. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ni dhahiri kwamba kampuni za uchapishaji zitakimbilia vitabu vya kiada, kwa kuwa soko lake lina uhakika. Anayetaka kuandika riwaya ya Kiswahili kuhusu Kampala, Jinja au Arua huenda akalazimika kuichapa mwenyewe. Tukimwachia kila kitu, wanafunzi wetu wataendelea kuisoma miji ya wenzao na kuikosa yao.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, somo la uhariri litumie miswada halisi ya waandishi hao, kwa ridhaa yao na chini ya uangalizi wa mhadhiri. Pili, kila toleo la jarida hili lihakiki riwaya moja iliyochapishwa na mwandishi mwenyewe, kwa kipimo kilekile kinachotumiwa kwa riwaya za kampuni. Tatu, idara iweke nakala mbili za kila riwaya ya namna hiyo na kumhimiza mwandishi apate namba ya ISBN kutoka Maktaba ya Taifa ya Uganda, kwani kitabu kisichoorodheshwa popote hakiwezi kuandikiwa tasnifu.

Kwa waandishi tuna ushauri wa aina mbili. Mswada usiende kwa mchapaji kabla ya kusomwa na watu wawili wasio ndugu wala marafiki. Na vitabu vinavyoachwa dukani kwa mali kauli viandikiwe hati yenye idadi, bei na tarehe ya kulipana, maana mtaji wa toleo la pili hupotelea hapo.

Mwenye riwaya aliyoichapisha mwenyewe alete nakala moja ofisini kwa idara. Tutaisoma hadi mwisho, na tutaandika tulichokiona.