Sifa Isiyotia Tembo Maji

Nyumbani Moshi, hujakaa vizuri kitini mhudumu ameshauliza: "Ya moto au ya baridi?" Hapa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, swali hilo halipo. Bia ya pipa si ya moto wala si ya baridi. Inalala chini ya sakafu, kwenye chumba chenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, na haitoki huko ila kwa nguvu ya mkono. Mhudumu anashika mpini wa pampu, mrefu kama mchi, anauvuta taratibu kuelekea kifuani, anaurudisha, anauvuta tena. Bia inapanda na povu zito kama tui la kwanza, kisha inatua mbele yangu juu ya kaunta iliyong'arishwa na viwiko vya watu wa miaka mingi.

Mimi huagiza nusu painti. Aliyekuja kupima hahitaji kujaza tumbo, na akishalewa ushahidi wake haukubaliki tena. Naanza na macho: nainua glasi kuelekea taa, na kama bia ni ya rangi ya asali, nataka nivione vidole vyangu upande wa pili. Kisha pua. Kimea cha shayiri hunukia mkate uliotoka jikoni, na maua ya hopsi hunukia majani mabichi, au ganda la chungwa, kutegemea yalilimwa wapi. Mwisho ulimi. Muonjaji wa mvinyo anaweza kutema, wa bia humeza, kwa sababu uchungu wa hopsi huja nyuma, utamu ukishapita, na ukiutema umeikata habari kabla ya mwisho wake. Baada ya hapo natoa daftari na kuandika alama, kati ya 0 na 5.

Alama hizo zina historia. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza walianzisha chama kinachojulikana leo kwa jina la CAMRA. Siku zile viwanda vikubwa vilikuwa vimeanza kuichuja bia, kuichemsha ili kuua hamira, na kuisukuma kwa gesi hadi kwenye glasi. Bia ya namna hiyo haiharibiki upesi na haimsumbui mwenye baa. Vijana wale walisema bia ya kweli ni ile inayoendelea kuchacha ndani ya chombo kilekile inamotolewa, bila kusukumiwa gesi kutoka nje. Kwa maneno mengine, ni bia iliyo hai. Mwaka 1974 wakatoa kitabu chao cha kwanza cha kuwaelekeza watu kwenye baa zinazoitunza vizuri, na mpaka leo alama za wanachama husaidia kuamua ni baa ipi iingie kitabuni. Bia iliyotunzwa vyema hupata 3. Hiyo ndiyo inayokufanya uahirishe safari na kuagiza nyingine. Bia bora hupata 4. Nayo 5 haitolewi ovyo. Ni ya bia ambayo huenda usikutane na mfano wake tena. Ikiwa haikunyweka, ni 0.

Niliielewa maana ya namba hizo siku mwenye baa aliponiruhusu kushuka naye chini. Ngazi ni ya mawe, hewa ina harufu ya chokaa na hamira. Mapipa yamelazwa ubavu juu ya fremu za mbao, kila moja limezuiwa lisitikisike. Lililozoeleka zaidi huitwa fakini: galoni 9, kama lita 41, yaani painti 72. Juu ya tumbo la pipa alipigilia kigingi laini cha mbao chenye vinyweleo. Pipa likatoa mluzi mwembamba, kisha povu likaanza kuchemka kukizunguka kigingi. Alilifuta kwa kitambaa na kusubiri. Povu jingine, akalifuta. Alisema atarudi na kulifuta tena mpaka pumzi ya pipa itulie, ndipo akiondoe kigingi laini na kuweka kigumu, ili gesi kidogo iliyobaki isipotee. Ndani ya pipa, ute uliotokana na kibofu cha samaki ulikuwa unakusanya hamira na kuishusha chini, nayo bia ikibaki safi juu. Hapo hakuna saa inayomwambia mtu kuwa bia iko tayari. Anasikiliza, anaonja, anaamua. Akifungua mapema, itatoka na vumbi la hamira. Akichelewa, imepoteza uchangamfu. Na pipa likishaanza kutolewa, hewa inaingia kuziba nafasi ya bia iliyotoka, na mwenye pipa ana siku kama 3 tu kabla bia haijaanza kuharibika.

Nikiwa pale chini nilimkumbuka bibi yangu na mbege yake. Kilimanjaro tunachemsha ndizi mbivu, tunazichanganya na kimea cha ulezi, na uchungu wake tunaupata kwenye gome la msesewa, mti unaofanya kazi ileile ambayo hopsi hufanya Ulaya. Bibi hakuwa na kipimajoto. Alikuwa akiinamia chombo na kusikiliza mapovu, halafu anachota kidogo na kuonja, na uso wake ndio uliotuambia kama watu waitwe leo au wasubiri kesho. Mbege ya jana si mbege ya leo. Ndiyo maana sikuona ugeni wowote kwenye chumba kile cha Sheffield. Kinywaji kilicho hai humtaka mtu wa kukikeshea, popote kilipo.

Lakini kuonja ni jambo moja, na kutoa alama ya haki ni jambo jingine. Somo hilo nilipewa na mzee mmoja mnoaji visu mstaafu, maana mji huu ni mji wa chuma na visu. Nilikuwa nimeletewa bia nyeusi, chungu kama kahawa iliyoungua, nikaiandikia 2. Akaniuliza: ina uchachu? Nikasema hapana. Imepooza? Hapana. Ina harufu mbaya? Hapana. "Basi mwenye baa amekosa nini?" Nikanyamaza. Akaniambia: "Kijana, umeandika unachokipenda wewe. Bia hujaisema bado. Kisu cha mkate hukihukumu kwa kunyolea ndevu." Nikaionja upya, safari hii nikiitafuta ilichokusudiwa kuwa: uchungu uliopangwa, mwili mzito, mwisho mkavu na safi. Nikafuta 2 na kuandika 4. Mpaka leo sipendi bia nyeusi, na ile ilistahili 4.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuyatenga makosa ya kweli na matakwa yangu. Ukali wa siki ni dalili kwamba hewa imekaa na bia muda mrefu. Ladha ya karatasi iliyolowa inasema bia imezeeka. Utamu wa siagi mahali usipotarajiwa mara nyingi unasema hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Ukikuta siki, unairudisha glasi kwa mhudumu kwa adabu, bila kuwatangazia waliokaa jirani. Mwenye baa anayejali atainusa, ataonja mwenyewe, na atakupa nyingine, kisha atashuka kulitazama pipa lake. Kumrudishia ni kumsaidia. Anayekunywa kimya, akatoka akinung'unika, ndiye aliyemnyima msaada.

Wahenga wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa muda mrefu niliielewa methali hiyo kama onyo kwamba fundi asisifiwe. Sasa naiona kama onyo kwa msifiaji. Sifa inayoharibu ni ile inayotolewa kwa kila glasi, kwa urafiki, kwa mazoea, au kwa sababu muonjaji hakutaka kujisumbua. Mgema akiona kwamba tembo zuri na tembo hafifu vinapata makofi yaleyale, kwa nini apande mnazi alfajiri? Sifa yenye kipimo ndani yake haitii maji. Katika mtaa wa Kelham Island hapa Sheffield, Dave Wickett alifungua baa mwaka 1981, na mwaka 1990 akajenga kiwanda kidogo cha bia kando yake. Mwaka 2004 bia yake iitwayo Pale Rider ilitangazwa bingwa wa bia za Uingereza nzima, na waliompa ushindi huo walionja bila kuambiwa jina la kilichomo kwenye glasi. Sifa ya namna hiyo fundi anaweza kuiegemea.

Wako wasomaji wasiogusa kileo, kwa imani au kwa hiari, nami nawaheshimu. Ninachokisifu hapa kinawahusu pia, kwa maana anayeonja kahawa, chai, samli au pilau ya shughuli yuko kwenye kazi hiyohiyo. Nyuma ya kila kinachofika mezani kuna mtu aliyeamka mapema akafuta povu, akasikiliza, akasubiri, na hakuna aliyemwona. Shahidi wake pekee ni ulimi wa mlaji. Kwa hiyo onja taratibu, tenga unachokipenda na kilichofanywa vizuri, halafu sema kweli. Kizuri ukisifu kwa kiasi chake, kibovu ukirudishe kwa adabu.

Bia ya pipa lile nililoliona likifutwa povu ilianza kuuzwa siku mbili baadaye. Ilitoka angavu, changamfu, yenye harufu ya ganda la chungwa. Niliiandikia 4. Jioni ya pili pipa lilikuwa tupu.