Hongera Wachoraji wa Ramani Huria

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mitaa iliyozama haikuwa na ramani ya kuaminika. Ndiyo maana nawapongeza kwa moyo wote vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya jiji hilo. Kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia vichochoroni Tandale na kwingineko jijini, wakachora ramani za nyumba, njia na mitaro. Walifanya kazi bega kwa bega na wenyeji, na hilo ndilo linalonigusa zaidi: mkazi ndiye anayejua maji hufika dirisha lipi na mtaro upi huziba kwanza. Ramani zenyewe ziko wazi kwa yeyote kwenye tovuti ya OpenStreetMap.